Simu Inapokaidi: Lipi ni la Maumbile, Lipi ni la Mtunga Programu?

Mtu apitaye barazani wakati wa jioni mjini Tanga, iwe Chumbageni, Ngamiani au Raskazone, ni nadra akose kusikia malalamiko juu ya simu. Mmoja hunung'unika kwamba kioo hakisikii kidole chake. Mwingine husema kwamba mtandao ulimtoroka alipokuwa baharini. Wa tatu alituma fedha, mtandao ukakatika, naye hajui hata sasa kama fedha hizo zilifika. Wakiwapo watunga programu katika baraza hiyo, yaani mafundi waandikao maagizo yanayofuatwa na simu na kompyuta, malalamiko hayapungui bali huongezeka. Kwani mafundi hao husumbuliwa na simu kama watu wengine, na tena husumbuliwa na zana zao wenyewe za kazi.

Katika mazungumzo ya namna hiyo lawama hutupwa huku na huku. Simu husemwa kuwa mbovu, mtandao husemwa kuwa mbovu, na aghalabu mtu mzima hujilaumu mwenyewe kwa kudhani kwamba hana ujuzi. Makala haya yana lengo la kuonyesha kwamba ukaidi wa simu una sababu zinazoweza kupimwa na kuelezwa, na kwamba sababu hizo ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni sheria za maumbile, ambazo hakuna fundi awezaye kuzitangua. Aina ya pili ni maamuzi yaliyofanywa na binadamu fulani, mahali fulani, kwa kufikiria watumiaji wa namna fulani. Ya kwanza hapana budi kuishi nayo. Ya pili yaweza kubadilishwa. Kuzitofautisha aina hizi mbili si anasa ya wataalamu, maana fedha, dawa na safari za wananchi wengi sasa hutegemea chombo hiki kidogo.

KIOO KISICHOSIKIA KIDOLE

Watu wengi hudhani kwamba kioo cha simu ya kupangusa huhisi uzito wa kidole, na kwa hiyo kinapokataa wao hubonyeza kwa nguvu zaidi. Kubonyeza huko hakusaidii kitu. Chini ya kioo zimetandazwa nyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho, ambazo kwa kawaida hutengenezwa kwa oksidi ya madini ya indiamu na bati. Nyuzi hizo zimepangwa kwa safu za wima na za mlalo, mfano wa jarife la wavuvi. Kila safu mbili zinapopishana huwekwa chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa kuwa umejaa maji yenye chumvi. Hivyo kidole kinapokaribia fundo moja la wavu huo, huvuta sehemu ndogo ya chaji. Kompyuta iliyomo ndani ya simu hupima upungufu huo na kutambua mahali kidole kilipo. Njia hii ya kuhisi ilielezwa mwaka 1965 na E. A. Johnson, mhandisi katika kituo cha utafiti wa rada kilichokuwa Malvern, Uingereza.

Msomaji aweza kuthibitisha jambo hili kwa jaribio jepesi. Akishika kijiti kikavu na kukigusisha kioo, simu haitashughulika naye. Akishika kipande cha ndizi mbivu, simu itaitika, kwa sababu ndizi ina maji na hivyo huuendeleza mwili wake hadi kwenye kioo.

Kutokana na maelezo hayo ni rahisi kufahamu kwa nini simu husumbua pwani. Matone ya maji ya bahari yakitua juu ya kioo huyaunganisha mafundo kadhaa ya wavu kwa pamoja, na simu hujiona kana kwamba imeguswa na vidole vingi. Kwa upande mwingine, ngozi iliyokomaa kwa kuvuta kamba, kuranda mbao au kuchanganya saruji huwa nene na kavu. Sehemu ya mwili yenye unyevu huwa mbali zaidi na wavu, na chaji inayovutwa huwa ndogo.

Mpaka hapa sababu ni za maumbile. Lakini swali la kiasi gani cha upungufu wa chaji kihesabiwe kuwa ni mguso hujibiwa na mtunga programu. Akiweka kiwango cha chini mno, simu itajibonyeza yenyewe. Akiweka cha juu mno, itawakataa seremala na mvuvi. Baadhi ya simu zina mpangilio wa kuongeza wepesi wa kuhisi, uliokusudiwa watu wavaao glavu katika nchi za baridi. Mpangilio huo huo waweza kumfaa mtu mwenye vidole vikavu hapa petu, ingawa jina lake katika orodha ya mipangilio halimwambii hivyo.

Yafaa pia kugusia dawa moja ya kienyeji. Simu ikitumbukia baharini, wengi huizika ndani ya mchele. Mchele hauwezi kuondoa chumvi, na chumvi ndiyo adui mkubwa. Maji yakikauka chumvi hubaki juu ya viungo vya shaba, nayo huvuta unyevu wa hewa ya pwani. Umeme ukipita hapo, madini huliwa kwa kasi. Lililo la busara ni kuizima simu mara moja, kutoiunganisha na chaja, na kumpelekea fundi aifungue na kuisafisha.

MVUVI NA MNARA

Mvuvi aondokaye Tanga kuelekea mlango wa bahari wa Pemba hufika mahali ambapo simu yake haipati tena minara ya pwani. Kisiwa cha Pemba kiko kiasi cha kilomita 50 kutoka bara, na si sehemu yote ya bahari hiyo iliyofikiwa na mawimbi ya simu.

Sababu ya kwanza ni mviringo wa dunia. Mtu aliye juu ya mnara wa mita 50 huona upeo wa bahari kiasi cha kilomita 25 mbali. Mvuvi mwenye simu iliyo mita 2 juu ya maji huongeza kilomita 5 hivi. Mawimbi ya redio hupinda kidogo kuufuata mgongo wa dunia na kuongeza kilomita chache nyingine, lakini zaidi ya hapo bahari yenyewe huwa kizuizi. Hili ni la maumbile.

Sababu ya pili ilitokana na hesabu ya wahandisi. Mtandao wa kizazi cha pili, uitwao GSM, ulioanza kutumika kibiashara nchini Finland mwaka 1991, huziwezesha simu 8 kutumia wimbi moja kwa zamu. Kila simu hupewa nafasi ya sehemu 577 za milioni moja ya sekunde, kisha humpisha mwenziwe. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde, kasi ambayo ni kubwa lakini ina kikomo. Simu iliyo mbali ikianza kusema kwa wakati wake halisi, sauti yake hufika mnarani kwa kuchelewa na kuingia katika zamu ya simu nyingine. Kwa hiyo mnara huiamuru simu iliyo mbali ianze mapema kidogo. Amri hiyo hupimwa kwa hatua, kuanzia 0 hadi 63, na kila hatua hulingana na umbali wa mita 550 hivi. Hatua zikiisha, umbali huwa kiasi cha kilomita 35. Simu iliyo mbali zaidi ya hapo hukataliwa, hata kama mawimbi yake yanafika kwa nguvu na mnara waonekana kwa macho.

Kasi ya mawimbi ni amri ya maumbile, lakini namba 63 ni uamuzi. Uamuzi huo wafaa mji wenye minara mingi na watu wengi. Kwa bahari kuna ufumbuzi uliokwisha kubuniwa: mnara waweza kupangwa utoe zamu mbili mbili kwa kila simu, na umbali ukaongezeka, ila idadi ya simu zinazohudumiwa hupungua kwa nusu. Mtandao wa kizazi cha nne nao ulipewa kikomo kipana zaidi, kiasi cha kilomita 100, ingawa mviringo wa dunia na udhaifu wa betri ya simu huuzuia usifike huko kwa urahisi. Kwa sababu hizo mtu aendaye mbali baharini hapaswi kuihesabu simu ya mkononi kuwa chombo cha kuombea msaada. Redio ya baharini ya VHF ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

UJUMBE UNAOSUBIRI NA MENYU ISIYOSUBIRI

Hata mtu aliye nchi kavu, chini ya mnara, hukutana na kero nyingine. Ujumbe mfupi aliotumiwa usiku simu ikiwa imezimwa humfikia asubuhi bila taabu. Lakini menyu ya kutuma fedha, ile inayoanza kwa nyota na kuishia kwa reli, hufa mikononi mwake kabla hajamaliza kuisoma. Kwa nini mambo haya mawili hutofautiana, ilhali yote hupita katika simu ile ile?

Ujumbe mfupi husafiri kama barua. Huandikwa, hufikishwa katika kituo cha kampuni, huwekwa hapo, na hupelekwa kwa mwenyewe anapopatikana. Urefu wake wa herufi 160 ulipendekezwa mwaka 1985 na Friedhelm Hillebrand, mhandisi wa Ujerumani, ambaye alizingatia urefu wa sentensi za kawaida na wa maneno ambayo watu huandika katika kadi za posta. Ujumbe wa kwanza ulitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu za Krismasi.

Menyu ya fedha hutumia utaratibu mwingine ujulikanao kwa herufi USSD. Utaratibu huu hufanana na mazungumzo ya ana kwa ana dirishani. Njia hufunguliwa kati ya simu na mtambo wa kampuni, na hubaki wazi muda wote wa mazungumzo. Hakuna kinachowekwa njiani. Njia ikikatika, yaliyokuwa yakisemwa hupotea. Faida yake ni kubwa: hauhitaji intaneti, wala simu ya gharama, na hata simu ndogo ya vitufe ambayo vijana huiita kiswaswadu huutumia sawasawa na simu ya bei kubwa. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007 na kufuatiwa na Tanzania mwaka 2008, watu wengi wasio na akaunti ya benki walipata njia ya kutuma fedha kwa simu walizokuwa nazo tayari.

Hasara yake nayo hueleweka. Kila mazungumzo yanayoachwa wazi huchukua nafasi katika mtambo, na kwa hiyo mtambo huweka kikomo cha sekunde kadhaa za kusubiri jibu. Tena, maneno ya ukurasa mmoja hayawezi kuzidi herufi 182. Kiswahili kina maneno marefu kuliko Kiingereza, na mtunga programu akitafsiri menyu kutoka Kiingereza hulazimika kukata maneno na kuongeza kurasa. Msomaji wa polepole, au mzee aliyesahau miwani, husoma ukurasa wa tatu wakati kikomo kinapofika. Huambiwa kwamba muda umekwisha, naye hujiona mjinga.

Hapa lawama si yake. Idadi ya sekunde, mpangilio wa kurasa na uchaguzi wa maneno vyote ni maamuzi. Menyu yaweza kutungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa maneno mafupi yanayojulikana, na jambo litumiwalo mara nyingi likawekwa kwanza.

JE, FEDHA ZIMEFIKA?

Kero iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya mtandao kukatika wakati wa kutuma. Mtu ameweka namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri. Amebonyeza kitufe cha kutuma. Kioo kinasubiri, kisha kinasema kwamba kuna hitilafu. Je, arudie? Ikiwa ombi lilipotea likielekea kwenye mtambo, asiporudia ada ya shule haitalipwa. Ikiwa ombi lilifika na jibu ndilo lililopotea likirudi, akirudia atalipa mara mbili.

Jambo la ajabu ni kwamba tatizo hili, katika kiini chake, halina ufumbuzi kamili. Hisabati yenyewe huthibitisha hivyo. Lilielezwa mwaka 1975 na wataalamu watatu, E. A. Akkoyunlu, K. Ekanadham na R. V. Huber, na mwaka 1978 Jim Gray wa Marekani alilipa jina la fumbo la majemadari wawili. Laweza kuelezwa kwa mfano wa pwani.

Wafanyabiashara wawili, mmoja Tanga na mwingine Pangani, wanataka kununua jahazi kwa ushirika. Wote wakitoa fedha siku moja, jahazi ni lao. Mmoja akitoa peke yake, fedha zake zinapotea. Njia yao pekee ya kuwasiliana ni kutuma barua kwa mtu apitaye njia ya hatari, ambaye aweza kupotea pamoja na barua. Wa Tanga anaandika: "Tutoe fedha Jumatatu." Hawezi kutoa mpaka ajue kwamba barua imefika. Wa Pangani anajibu: "Nimekubali." Lakini naye sasa hajui kama jibu lake limefika, na ikiwa halikufika mwenziwe hatatoa. Kwa hiyo anangoja kuthibitishiwa. Wa Tanga anathibitisha, naye anaingia katika mashaka yale yale.

Mtu aweza kudhani kwamba barua nyingi zaidi zitamaliza mashaka. Hesabu yaonyesha kwamba sivyo. Chukulia kwamba kuna mpango fulani wa barua unaofaulu kwa hakika, na kwamba miongoni mwa mipango yote ya namna hiyo huu ndio wenye barua chache kabisa. Barua ya mwisho yaweza kupotea, na mpango bado unatakiwa ufaulu. Basi barua hiyo haikuwa ya lazima, na mpango ungefaulu bila yake. Lakini ilikwisha semwa kwamba huu ndio mpango wenye barua chache kabisa. Mambo haya mawili hayapatani, na kwa hiyo mpango wa namna hiyo haupo.

Hivyo simu na mtambo wa fedha ni kama wafanyabiashara hao. Hakuna kampuni wala fundi awezaye kuahidi kwamba pande zote mbili zitajua hakika ya jambo kwa wakati mmoja, maadamu mtandao waweza kukatika. Lakini kuna njia ya kuyaondolea mashaka hayo madhara yake. Kila ombi hupewa namba yake ya kumbukumbu. Mtambo ukipokea ombi lenye namba ambayo umekwisha kuitimiza, hautoi fedha tena, bali hurudia jibu la kwanza tu. Ombi laweza kutumwa mara 10, na fedha zikatoka mara moja. Mwenye duka amwandikiaye mteja stakabadhi yenye namba hufuata kanuni hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, kanuni hii ina mahali inapovuja. Menyu ya USSD ikikatika na mtumaji akaanza upya kwa nyota na reli, ombi lake huwa jipya na hupewa namba mpya. Mtambo hauwezi kujua kama anarudia lile la kwanza au anataka kwa makusudi kutuma mara ya pili. Hapo ndipo uamuzi wa mtunga programu unapohitajika tena. Aweza kuuandikia mtambo uulize: "Dakika 2 zilizopita ulituma kiasi hiki hiki kwa namba hii hii. Je, unatuma tena?" Swali hilo fupi, ambalo haliyashindi maumbile bali huyatambua, laweza kumwokolea mwananchi fedha za mwezi mzima.

SAA SABA IPI?

Baadhi ya matatizo hayana sehemu yoyote ya maumbile. Mfano wake ni saa. Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na za usiku linapotua, na kwa kuwa Tanga iko kiasi cha digrii 5 tu kusini mwa ikweta, hesabu hiyo hupotoka kidogo sana mwaka mzima. Simu huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa desturi ya Ulaya. Tofauti ni ya saa 6 daima.

Programu nyingi, zinapogeuzwa kuwa za Kiswahili, hutafsiri maneno na kuziacha namba kama zilivyo. Saa 2 ya asubuhi huandikwa "8:00 asubuhi". Msomaji hushangaa, kwa sababu saa nane ya asubuhi haipo. Mshangao huo humfanya atafakari na kugundua maana. Vivyo hivyo "5:00 jioni" humshtua, maana saa tano haiwi jioni. Mchana, basi, makosa hujifichua yenyewe.

Usiku mambo ni tofauti. "7:00 usiku" kwa hesabu ya simu ni saa moja ya usiku. Lakini saa saba ya usiku ipo, nayo huja saa 6 baadaye, watu wakiwa wamelala. Ndivyo ilivyo kwa "8:00 usiku" na "9:00 usiku". Katika saa hizo tatu hakuna dalili yoyote ya kumzindua msomaji, kwani maana zote mbili ni sahihi. Anayepangiwa kumeza dawa, kupokea mgonjwa kituoni au kuwahi chombo cha usafiri aweza kukosea kwa saa 6 kamili bila kufanya kosa lolote la kusoma. Mtunga programu alijuaye jambo hili ana tiba rahisi: ama aandike saa kwa Kiswahili kamili, ama aandike zote mbili, kwa mfano "saa 1:00 usiku (19:00)".

Kwa udadisi yafaa kuongeza kwamba hata saa sita ya mchana si ya jua halisi mjini Tanga. Saa za Afrika Mashariki hulingana na longitudo ya digrii 45, ambayo hupita karibu na Mogadishu. Tanga iko kiasi cha digrii 39. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka digrii 1, na kwa hiyo jua hufika kileleni mwa Tanga, kwa wastani wa mwaka, saa 6 na dakika 24 hivi.

Saa ina fumbo jingine. Simu iliyopoteza tarehe yake mara nyingine huonyesha tarehe 1 Januari 1970. Huo ndio mwanzo wa kuhesabu sekunde uliochaguliwa na watungaji wa mfumo wa Unix, na kurithiwa na mitambo mingi. Mitambo ya zamani iliyotengewa tarakimu 32 za mfumo wa jozi, yaani wa 0 na 1, itaishiwa nafasi ya kuhesabu tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 za asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mitambo mipya imepewa tarakimu 64, lakini vyombo vya zamani vitakavyokuwa bado kazini vitahitaji kuangaliwa mapema.

NENO MOJA LENYE VIPANDE SABA

Kero ya mwisho ni ya simu kusahihisha lisilo kosa. Mtu huandika "atakapowaletea", na simu hulipigia mstari mwekundu. Programu iliyotungwa kwa lugha kama Kiingereza hutegemea orodha ya maneno. Katika Kiswahili orodha hiyo haiwezi kukamilika. Neno hilo lina vipande saba: a-taka-po-wa-let-e-a. Tukadirie viambishi vya mtenda 15, vya wakati 5 na vya mtendwa 15. Mzizi mmoja tu utatoa maneno 1,125 kabla ya kuongeza unyambuaji wowote. Ufumbuzi ni kuifundisha programu kulivunja neno katika vipande vyake, kama mwanafunzi wa sarufi afanyavyo.

Kazi ya namna hii ina historia nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mradi huo ulidhihirisha kwamba kuihamisha programu katika Kiswahili ni kazi ya kisayansi, inayodai ujuzi wa lugha sawa na ule wa mashine.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwa mtumiaji wa simu mafunzo ni machache na yanatendeka. Kioo kikikataa, afute matone na akaushe kidole, kisha atazame kama simu yake ina mpangilio wa kuongeza wepesi wa kuhisi. Muamala ukikatika, asirudie kabla ya kuangalia salio na kusubiri ujumbe wa uthibitisho. Na akiisha kuupata autunze, kwa kuwa namba ya kumbukumbu iliyomo ndiyo ushahidi wake mbele ya wakala na kampuni. Akiona "7:00 usiku" aulize ni saa ipi.

Kwa watunga programu wa Tanga na kwingineko funzo ni moja. Kabla ya kuitoa programu, wampe mvuvi, seremala na bibi mzee waitumie, na wahesabu sekunde ambazo kila mmoja huhitaji kusoma ukurasa mmoja. Hesabu hiyo haihitaji maabara wala mtambo wa gharama. Yaweza kufanywa Chumbageni kwa saa ya mkononi, kalamu na daftari.